Kichujio cha Mafuta na Vilima vya Nyeri

Maneno niliyo nayo leo hayahusu siasa wala bei ya kahawa, mambo ambayo nadhani mmeyasikia ya kutosha juma hili. Yahusu kitu kidogo cha plastiki, kisichozidi kidole cha kati kwa urefu, kikaacho kimya baina ya tangi na kabureta ya pikipiki, ambacho mwenye chombo aweza kwenda nacho miaka na miaka asikitupie jicho, na ambacho siku kikichoka humwacha yeye, na abiria wake, na gunia la viazi la abiria wake, katikati ya mwinuko wa njia ya Othaya, ilhali mvua yaja kutoka Nyandarua. Kitu hicho ni kichujio cha mafuta, au filta kama waitavyo mafundi wetu, na rai yangu ni kwamba kukibadilisha ni kazi sahali ambayo kijana yeyote aiweza kabla chai haijapoa, lakini kukibadilisha bila ya kukihoji kile cha zamani ni kumfukuza shahidi kabla hajatoa ushahidi wake.

Na tuanze na kazi yake. Katika pikipiki zilizo nyingi huku kwetu, hizi Boxer na TVS kutoka Uhindini ambazo zimejaa kila stegi tangu serikali ilipozipunguzia kodi pikipiki ndogo mnamo mwaka 2008, petroli haisukumwi na pampu yoyote. Huteremka kwa uzito wake yenyewe kutoka tangini, ikapita kwenye koki, ikafuata mpira, ikaingia kichujioni, na mwisho ikatua katika kibakuli cha kabureta, ambako hungoja kunyonywa kupitia jeti, yaani vitundu vyembamba ambavyo chembe moja ya mchanga yatosha kukiziba kimojawapo. Ndani ya kichujio mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, ili uso wake uwe mpana ndani ya nafasi finyu, nayo huzuia hata vumbi jembamba kuliko unywele. Waliokulia pwani watakikumbuka kifumbu cha kuchujia tui, kinachopitisha tui na kuzuia machicha. Walakini mpishi huyaona machicha yake na kuyakung'uta kila siku, ilhali machicha ya petroli hubaki mle ndani, yakazidi kidogo kidogo, hata njia ya mafuta ikasonga bila ya mtu kutambua.

Kutotambua huko kuna sababu, nayo imo katika ardhi yenyewe. Mtu wa Garissa aweza kwenda mwaka mzima na kichujio kilichoziba nusu asihisi lolote, kwa kuwa nchi yake ni tambarare, na chombo kiendacho tambarare kwa mwendo wa kadiri hudai mafuta machache, ambayo hata kichujio kibovu huweza kuyatoa. Nyeri sivyo. Mji huu umekaa kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya ukiwa upande mmoja na Nyandarua upande wa pili, na mito iteremkayo kutoka huko imeichimba nchi mabonde juu ya mabonde, hata mtu hawezi kwenda Mukurweini, wala Othaya, wala Tetu, asipande na kuteremka na kupanda tena. Mlimani mwendeshaji hufungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini ikadai mara mbili au tatu ya kile ilichokuwa ikidai bondeni, na kile kibakuli cha kabureta, ambacho hakichukui ila vijiko vichache, kikawa chakauka upesi kuliko kichujio kinavyoweza kukijaza. Chombo kikakohoa, kikalegea, kikazima. Kijana akashuka, akalaani kidogo, akapangusa jasho, akampigia simu mwenzake. Na katika dakika hizo chache petroli imekwisha kudondoka tone kwa tone, kibakuli kimejaa, naye akipiga kiki injini yaitika kana kwamba haikuwa na neno. Akafika juu, akasahau.

Maradhi yajayo na kuondoka namna hii ndiyo yawapatiayo kula mafundi wa uongo. Plagi hubadilishwa, kisha koili, kisha kabureta nzima hununuliwa mpya kwa fedha zilizokuwa karo ya mtoto, na chombo kikaendelea kuzima pale pale penye kona ile ile, hata watu wakaanza kusema kwamba mahali pale pana mkosi, au kwamba jirani ana lake jambo. Mahali pale hapana mkosi wowote, pana mwinuko.

Yupo msaidizi mwingine wa kutambulisha ugonjwa huu, naye ni rangi ya plagi, lakini huku juu yampasa fundi aisome kwa hadhari. Katika kimo chetu hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu humusi nzima, na kabureta iliyopimwa kwa nchi za chini hutia petroli iliyozidi hewa iliyopo, ndiyo maana plagi za Nyeri na Nanyuki aghalabu hutoka nyeusi, zimepakwa masizi. Basi fundi akiifungua plagi ya pikipiki izimayo mlimani, akaikuta nyeupe na kavu, na ajiulize petroli imekwama wapi. Maana penye hewa haba plagi haiwi nyeupe ila mafuta yawe haba zaidi, au pawe na ufa unaoingiza hewa ya wizi.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo. Mwezi wa Aprili mwaka 1946, kampuni ya Piaggio ya Italia ilisajili hataza ya skuta yake, Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki hata chembe. Na mwaka uo huo, huko Coventry, Uingereza, ilianza kutoka kiwandani trakta ndogo ya Ferguson, aina ya TE20. Skuta ilipata makao yake katika vichochoro vya Unguja na mitaa ya Dar es Salaam, na trakta ikapata yake katika mashamba ya nyanda za juu, wala sidhani kama vilipata kukutana. Lakini vyote viwili vilinywa mafuta kwa kanuni hii hii ya kuteremkiwa. Tofauti ilikuwa moja. Chini ya koki ya trakta palining'inia kibakuli cha kioo, ambamo maji na mchanga vilitua, na mkulima alipopita asubuhi na ndoo yake ya maziwa aliweza kuona kwa jicho lake mwenyewe kama mafuta ni safi au la, akakifungua, akakimwaga, akakirudisha. Mimi nasema waliotuondolea kioo kile hawakututendea insafu. Vichujio vya plastiki vya siku hizi huwa angavu vikiwa vipya, hilo ni kweli, lakini kwa miezi michache tu. Kisha hugeuka rangi ya ugoro, na mtu hata akitaka kuchungulia haoni kitu.

Turudi kwetu. Uchafu huu watoka wapi? Jibu la kwanza ni tangi lenyewe. Tangi ni bati, na bati likikutana na maji hufanya kutu, na maji hayakosi njia: huingia na mvua penye kifuniko ambacho mpira wake umekauka; huja pamoja na petroli iliyowekwa katika mapipa na majerikeni; na usiku wa Julai, baridi inapoushika mji na ukungu ukalala mpaka saa tatu, hewa yenye unyevu iliyomo ndani ya tangi lisilojaa hutoa umande kwenye kuta za bati. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kukaa chini, na huko chini ndiko iliko koki. Hapo ndipo desturi ya watu wa bodaboda inapowadhuru wenyewe, kwa sababu wengi hununua mafuta ya shilingi mia moja, au mia mbili, kadiri abiria alivyolipa, hivyo tangi halijai mwaka mzima na koki hukaa daima kwenye akiba, ikinyonya pale pale penye mashapo. Siwalaumu, mtu hununua mafuta kwa kiasi cha fedha aliyo nayo. Walakini anayeishi kwa akiba na ajue kwamba kichujio chake hakitadumu sawa na cha mtu anayejaza.

Jibu la pili ni chupa. Ukipanda kuelekea msituni, mbali na vituo vya mafuta, utaiona petroli mbele ya vioski, imetiwa katika chupa zilizokuwa za maji au za mafuta ya kupikia. Sheria haimruhusu mtu kuuza petroli pasipo leseni, na wauzaji walijua hilo kama wanunuzi walijuavyo, lakini haja haina adabu, na daktari wa mifugo aliyeitwa usiku hawezi kurudi mjini kutafuta kituo. Ninalosema ni kwamba chupa ile imejazwa kutoka jerikeni, na jerikeni kutoka pipa, na katika kila kumiminwa huingia vumbi, nalo vumbi letu jekundu laini sana hulielewi mpaka ulione limelala ndani ya kichujio.

Nami nimepata kuliona. Palikuwa na fundi Karatina, karibu na soko, kijana mpole wa maneno machache, ambaye aliletewa skuta na mwalimu mstaafu aliyekuwa amekwisha kununua plagi mbili na koili moja. Kijana hakuigusa injini. Alikifungua kichujio, akakitikisa sikioni, akachukua wembe na kukipasua kwa urefu, kisha akaitoa ile karatasi na kuikunjua mkunjo baada ya mkunjo juu ya gazeti kuukuu. Upande ulioelekea kabureta ulikuwa ungali mweupe. Upande ulioelekea tangi ulikuwa na tabaka la unga wa rangi ya matofali, umegandamana penye mabonde ya mikunjo. Ndani ya unga mlikuwa na magamba membamba ya kutu yaliyong'aa yalipogeuzwa kwenye jua. Na hapa na pale palikuwa na nyuzi nyeusi fupi, kama tatu hivi, ambazo fundi aliziokota kwa ncha ya wembe, akazisugua kidoleni zikapaka weusi.

"Mwalimu," akasema, "huu mwekundu ni vumbi, haya magamba ni tangi lako, na hizi nyeusi ni mpira unaooza kwa ndani. Nikikuwekea filta peke yake utarudi kwangu mwezi ujao."

Mwalimu akauliza kwa nini wale wengine hawakumwambia hivyo. Fundi akacheka, akasema wale wengine hawakuuliza filta.

Kisa chote ni hicho, na ndicho nilichokusudia niliposema juu ya shahidi. Unga mwekundu humwambia mtu abadilishe mahali anaponunua. Magamba humwambia afungue tangi, alioshe na kulikausha. Nyuzi nyeusi humwambia abadilishe mpira wote, si kipande. Na ikiwa karatasi imetoka imevimba na kulowa hali haina uchafu mwingi, huyo ni maji, kwani karatasi iliyonywa maji hutanuka na kuikatalia petroli njia, hata ikiwa safi.

Lipo jambo ambalo shahidi huyu hawezi kulisema, nalo ni mafuta ya taa. Kwa miaka mingi wako wafanyabiashara waliochanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli ili wapate faida ya haramu, na ni kwa ajili yao serikali iliongeza, mnamo Septemba 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zikaribiane na hila ikose tamaa. Na maskini wa koroboi na jiko la utambi, ambaye hakumchanganyia mtu chochote, ndiye aliyeilipa. Mafuta hayo yakiisha kuchanganyika huwa kitu kimoja na petroli, hupita katika kichujio kipya kama yapitavyo katika kikuukuu, na mtu huyajua kwa moshi, kwa kugonga kwa injini na kwa ugumu wa kuwasha asubuhi. Asije mtu akadhani kwamba filta mpya itamkinga na mwizi.

Sasa niseme juu ya desturi tatu mbaya. Ya kwanza ni kukipuliza kichujio kwa mdomo au kwa upepo wa kujazia magurudumu, kisha kukirudisha. Uchafu mkubwa hutoka, mdogo hubaki katika nyuzi za karatasi, na upepo ule wenye nguvu mara nyingi huipasua karatasi, hivyo kuanzia siku hiyo kichujio hakichuji kitu. Ya pili ni kukitoboa kwa msumari ili mafuta yapite, jambo ambalo halihitaji maelezo. Ya tatu, na ndiyo iliyoenea zaidi, ni kukitupa kabisa na kuunga mpira moja kwa moja. Chombo hupanda mlima siku hiyo kwa furaha, mwenyewe akasifu, na baada ya majuma kadhaa jeti zikajaa mchanga, akalipa kusafishiwa kabureta fedha ambazo zingemnunulia vichujio vya miaka mingi, maana bei ya kimoja haizidi sana bei ya mlo wa mchana hotelini.

Hata hivyo, kabla ya kukishutumu kichujio, tazama kwanza kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingizia hewa, na tope la Nyeri huliziba kwa urahisi. Petroli ikitoka na hewa isiingie, mafuta hukwama, na dalili zake ni zile zile. Chombo kikizima mlimani, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa kwa sauti, kisha injini ikawaka na kwenda vizuri, ugonjwa ni kifuniko. Ikiwa sivyo, ung'oe mpira penye kabureta, uelekeze katika chupa angavu, ufungue koki. Petroli yapaswa itoke mfululizo. Ikitoka kwa matone, au ikaanza vyema kisha ikafifia, ondoa kichujio na ujaribu tena. Ikitiririka, umekwisha kumjua mkosaji, na isipotiririka, basi wavu mdogo ulio juu ya koki, ndani ya tangi, nao umeziba.

Kazi yenyewe ifanywe nje ya nyumba, injini ikiwa imepoa, maana petroli ikidondokea ekzosi ya moto yaweza kuwaka. Na jiko la makaa liwe mbali sana, si hatua tatu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hata ukalifikia jiko ambalo mtu alidhani li mbali. Funga koki. Weka kopo chini. Kwa koleo bana masikio ya klipu uzisukume nyuma, kisha uzungushe mpira kidogo kabla ya kuuvuta, usije ukaivunja shingo ya koki, ambayo hailingani kwa bei na kichujio. Kichujio kipya kina mshale. Mshale uelekee kabureta, kwa kuwa vikiwekwa kinyume vipo visivyopitisha vizuri, na vile vinavyopitisha huficha uchafu upande usioonekana. Mpira usikunjwe kwa kona kali wala usiguse injini, na mahali palipopasuka pakatwe, au mpira wote ubadilishwe. Fungua koki, ungoje kidogo, upitishe kidole chini ya kila klipu kutafuta unyevu. Utakiona kichujio kipya hakijai, kina povu la hewa juu yake. Wengi hufadhaika kwa hilo bure, kwani ni hali yake.

Wenye skuta za kisasa na pikipiki zisizo na kabureta wasifuate maneno haya yote. Skuta nyingi zimewekewa koki isiyo na mkono, inayofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, na nyingine tangi lao liko chini kiasi kwamba petroli hupandishwa na pampu ndogo, hivyo injini isipozunguka mafuta hayatoki hata kidogo, na mtu asiyejua aweza kudhani kila kitu kimeziba. Zile zinazonyunyiza petroli kwa umeme zina pampu ya nguvu, na kichujio chao aghalabu kimo ndani ya tangi pamoja na pampu hiyo. Kichujio cha plastiki cha dukani kikiungwa hapo kitapasuka, na petroli itamwagika kwenye injini iwakayo. Hizo zipelekwe kwa mwenye ujuzi nazo.

Imebaki ile petroli chafu iliyomo koponi. Isimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mjini huteremkia mto Chania, na huko chini kuna wanaoteka. Fundi wa Karatina huimimina katika chupa ya kioo na kuiacha mpaka kesho yake, maji na mchanga vikatua. Kisha huichukua ile ya juu kwa taratibu, akaoshea minyororo, na ile ya chini, ambayo hubaki kama nusu kikombe, huiweka penye mwanga dirishani, imefunikwa vizuri, ili kila mwenye pikipiki ajaye na malalamiko aonyeshwe kabla hajaanza kutaja plagi.